Kila Sauti na Njia Yake: Niliyojifunza Kati ya Sikwensa na Miksa

Nikikuta meza yenye kompyuta upande mmoja na miksa upande wa pili, nauliza swali moja kabla ya mengine yote: anayechanganya sauti hapa ni nani? Wengi hujibu "vyote viwili", na jibu hilo linanionyesha kazi itaanzia wapi. Kuunganisha waya hakumshindi mtu. Anayejua tundu la kuingiza na tundu la kutoa ataunganisha, na sauti itatoka. Shida inaanza pale sauti ile ile inapopata njia mbili za kufika sikioni, moja ikizunguka ndani ya kompyuta, nyingine ikikatiza moja kwa moja kwenye miksa. Karibu kila tatizo nililoitwa kulitatua kwenye mpangilio wa namna hii, ukilifuatilia mpaka mwisho wake, linaishia hapo. Sauti moja, njia mbili, na hakuna aliyeamua ipi ibaki.

Ninaposema sikwensa nakusudia ile programu unayopangia biti, vinanda na traki za kurekodi, iwe Cubase, Logic, Reaper, Ableton Live au nyingine yoyote. Miksa ni kile chombo chenye feda, yaani vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na vitufe vya kuzungusha, cha analogia au cha kidijitali. Katikati yake ipo kadi ya sauti, inayoingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa. Wakati mwingine kadi hiyo ni boksi linalojitegemea, na wakati mwingine imejengwa ndani ya miksa yenyewe na kuunganishwa kwa USB.

Hizi miksa za USB zinahitaji kusomwa vizuri kabla hazijaaminiwa. Miksa inaweza kuwa na chaneli 12 mbele yako, lakini kinachokwenda kwenye kompyuta ni njia mbili tu, yaani kushoto na kulia za tokeo kuu. Ukirekodi ngoma, besi na mwimbaji kwa wakati mmoja, vyote vitafika vikiwa vimeshachanganywa, na ukitaka baadaye kumpandisha mwimbaji peke yake utakuwa umechelewa. Nyingine hutuma kila chaneli kivyake, lakini huichukua kabla ya feda na kabla ya ikwalaiza, yaani vitufe vya kurekebisha besi na sauti za juu, kwa hiyo yote unayoyarekebisha kwa mkono unayasikia wewe tu na kompyuta haiyapati. Hakuna ubaya katika aina yoyote kati ya hizi ilimradi unajua uliyo nayo. Mimi huuliza mambo matatu: njia ngapi zinakwenda, ngapi zinarudi, na kila moja inachukuliwa sehemu gani ya chaneli.

Sasa turudi kwenye njia mbili. Mwimbaji alikuwa chumbani, hedifoni masikioni, biti inapiga kutoka kwenye sikwensa. Alipoanza kuimba alisimama. "Kaka, sauti yangu imekuwa nyembamba, kama naimbia ndani ya bomba." Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akaongeza geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, ikazidi kuwa kubwa na nyembamba vile vile. Akapandisha besi kwenye ikwalaiza, wapi. Nikamwomba, "Dada, shikilia noti moja, usiiachie," na yeye akiwa ameishikilia nikazima kitufe cha kusikiliza ingizo kwenye traki yake ndani ya sikwensa. Sauti ikajaa hapo hapo. Alifungua macho akatutazama kupitia kioo, akainua dole gumba, tukaendelea na kazi.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Maiki iliingia kwenye chaneli ya miksa, na kutoka hapo sauti ikagawanyika. Nakala moja ilikwenda moja kwa moja kwenye hedifoni bila kuchelewa. Nyingine ilitoka kwenda kwenye kadi ya sauti, ikaingia kwenye kompyuta, ikapita kwenye traki iliyokuwa imewashiwa usikilizaji, ikatoka tena kupitia kadi na kurudi kwenye miksa pamoja na biti. Safari hiyo ina gharama ya muda. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, inaikusanya kwanza kwenye bafa, yaani kapu la vipimo vidogo vidogo vya sauti vinavyoitwa sampuli. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 5.8, na sauti inaisubiri mara mbili, ikiingia na ikitoka. Hiyo ni zaidi ya milisekunde 11, hata kabla hujahesabu muda wa vibadilishi vyenyewe vya kutoka analogia kwenda dijitali na kurudi.

Nakala mbili za sauti moja zikikutana huku moja imechelewa, kuna masafa, yaani ngazi za sauti kutoka nene hadi nyembamba, yanayojumlishana na mengine yanayofutana. Tofauti ikiwa milisekunde 1, shimo la kwanza linachimbika kwenye hezi 500, la pili 1,500, la tatu 2,500, na hivyo hivyo kupanda juu. Tofauti ikiwa milisekunde 5, mashimo yanaanzia hezi 100 na kujirudia kila baada ya hezi 200. Humo ndimo sauti ya binadamu inamoishi. Ndiyo maana ikwalaiza haikusaidia chochote pale chumbani, kwa kuwa huwezi kupandisha kitu ambacho kimeshafutwa. Hata kupunguza bafa mpaka sampuli 64 hakuondoi tatizo. Mashimo yanahamia juu tu, na sauti inabadilika kutoka aina moja ya ubaya kwenda nyingine. Dawa ni kukata njia moja.

Ipi ikatwe? Wakati wa kurekodi mimi nabakiza njia ya miksa na kuzima ya kompyuta. Miksa ya analogia haina bafa. Mwimbaji anajisikia papo hapo, na kompyuta inaachiwa bafa kubwa ipumue, hasa traki zikiwa zimejaa plagini, yaani programu ndogo za kubadilisha sauti. Akitaka mwangwi wa kumtia moyo, nampa kutoka kwenye miksa, unaingia hedifoni bila kurekodiwa. Kuna wakati lazima asikie kupitia kompyuta, kwa mfano mpiga gitaa anayetegemea plagini ya ampu ili apige anavyotaka. Hapo ndipo chaneli yake ya miksa inapozimwa kwenye hedifoni kabisa, bafa inashushwa hadi 128 au 64, na plagini nzito zinasimamishwa kwa muda. Kuna madraiva, yaani programu zinazounganisha kompyuta na kadi ya sauti, ya kurahisisha hili, kama ASIO ambayo Steinberg waliitoa miaka ya 1990 kwa ajili ya Windows, na Core Audio kwenye Mac. Draiva ya kawaida ya kompyuta, ile ya kuangalizia video, inaweza kuchelewesha kiasi kwamba mpiga gitaa anaachwa nyuma ya biti akidhani vidole vyake ndivyo vyenye kosa.

Njia mbili hazipo kwenye waya za sauti tu. Mzee mmoja mpiga kinanda, mtu wa mkono mtamu sana, alilalamika kwamba kila akiunganisha kinanda chake na sikwensa sauti inakuwa na mtetemo wa ajabu na noti zinakatika akipiga kodi kubwa, yaani noti nyingi kwa pamoja. "Mzee wangu, kinanda hakijaharibika," nilimwambia, tukaingia kwenye menyu yake pamoja mpaka tukakuta mpangilio unaoitwa Local, nikauweka Off. Kabla ya hapo kila kidole chake kilikuwa kinapiga noti mara mbili. Kwanza kibodi iliamuru sauti za ndani ya kinanda moja kwa moja. Kisha ujumbe wa MIDI, yaani amri ya kupiga noti na si sauti yenyewe, ulikwenda kwenye sikwensa, na sikwensa ikaurudisha kwenye kinanda hicho hicho, ikapigwa tena baada ya muda mfupi. Kila noti ilikula nafasi mbili kati ya zile ambazo kinanda kinaweza kupiga kwa wakati mmoja, ndiyo maana kodi kubwa zilikatika. Kwa Local Off, kibodi na sauti za ndani vinatenganishwa, na sikwensa inabaki kuwa njia pekee kati yao. Mzee alipiga wimbo mzima bila kuongea, nasi tukakaa kimya tukimsikiliza.

MIDI nayo ina mwendo wake. Kwenye waya ule wa pini tano uliowekewa kiwango mwaka 1983, data inakwenda kwa biti 31,250 kwa sekunde (biti za data hapa, si mdundo), na ujumbe mmoja wa kupiga noti unachukua karibu milisekunde 1. Noti 8 ulizopanga zipigwe pamoja haziondoki pamoja, zinapanga foleni. Kwa kodi ya kinanda hakuna atakayegundua. Kwa kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, iliyowekwa mwisho wa foleni, sikio zuri litagundua, kwa hiyo ngoma za nje nazipa waya wake, au naziweka kwenye traki zinazotangulia kutumwa. Ukichanganya ala za nje na ala za ndani ya kompyuta, tegemea pia kwamba hazitaanguka mahali pamoja, kwa sababu za ndani zinasubiri bafa na za nje hazisubiri. Sikwensa nyingi zina sehemu ya kusogeza MIDI mbele au nyuma kwa milisekunde. Rekodi kiki ya nje na kiki ya ndani kwenye traki mbili, vuta picha ya mawimbi karibu, pima umbali kati ya vichwa vyake, sogeza, kisha rudia kupima.

Mzunguko ni ndugu wa hilo tatizo, ila huu unapiga kelele. Tokeo kuu la miksa linaingia kwenye kompyuta ili kurekodiwa. Tokeo la kompyuta linaingia kwenye chaneli ya miksa ili kusikilizwa. Chaneli hiyo imo ndani ya tokeo kuu. Mtu akiwasha usikilizaji kwenye traki, sauti inazunguka bila kikomo, kila mzunguko ikiongezeka, mpaka spika zinapiga mluzi au zinanguruma. Hatari kwa spika, na hatari zaidi kwa mwenye hedifoni. Kwa hiyo rudio la kompyuta, yaani sauti inayorudi kutoka kwake, halitakiwi kuwa sehemu ya kile kinachopelekwa kwenye kompyuta. Miksa nyingi zinakupa namna ya kufanya hivyo. Zipo zenye magurupu, unapeleka maiki na ala kwenye gurupu 1 na 2 linaloelekea kwenye kadi, huku kompyuta ikirudi kwenye tokeo kuu linaloelekea kwenye spika. Zipo zenye njia inayoitwa ALT 3-4, ambapo ukibonyeza kitufe cha kuzima chaneli, sauti haifi, inahamishiwa kwenye jozi nyingine ya matundu. Na zipo zenye ingizo la stirio lililokusudiwa kurudisha mashine ya kurekodia, ambalo linakwenda kwenye spika na hedifoni bila kugusa tokeo kuu. Ndogo kabisa, isiyo na lolote kati ya hayo, bado ina oksi, yaani njia ya pembeni ya kutuma nakala ya sauti ya chaneli. Oksi moja iliyochukuliwa kabla ya feda inatosha kuwa njia ya kwenda kwenye kompyuta. Kwenye chaneli ya rudio unaifunga hiyo oksi mpaka chini na kubandika utepe juu yake ili mkono wa mtu usiizungushe.

Kwa kuwa nimeitaja oksi, nimalizie. Kwa hedifoni ya mwimbaji, oksi iwe kabla ya feda, ili wewe ukicheza na feda zako kutafuta mchanganyiko, yeye asisikie biti ikipanda na kushuka. Kwa mwangwi, iwe baada ya feda, ili ukimshusha mwimbaji mwangwi wake ushuke naye. Na kwenye chaneli mwangwi unaporudia, oksi ile ile iliyoupeleka lazima iwe imefungwa, vinginevyo umeunda mzunguko mwingine mdogo.

Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kujibu swali la nani anachanganya. Kwa kuona kwangu majibu ni matatu. La kwanza, miksa ni mlango tu: maiki zinaingia, zinapewa geini nzuri, zinakwenda kwenye kompyuta, na mchanganyiko wote unafanywa ndani ya sikwensa. Miksa inarudi kuwa chombo cha kusikilizia. Hili ndilo ninalompendekezea anayeanza, na ndilo linalovumilia mteja anayerudi baada ya mwezi kutaka besi ipungue kidogo. La pili, miksa ni kituo cha kila kitu: ala za nje zinaingia moja kwa moja, kompyuta nayo inaingia kama ala mojawapo, na mchanganyiko unafanywa kwa mikono papo kwa papo. Anayepiga muziki jukwaani huku sikwensa ikiendesha biti hana mpangilio bora kuliko huu. La tatu, sikwensa inatoa traki zake kwa makundi kupitia matundu mengi ya kadi, ngoma kwenye 1 na 2, besi kwenye 3, vinanda kwenye 5 na 6, na kadhalika, na miksa inavijumlisha.

Kuhusu hili la tatu kuna imani kubwa kwamba kujumlisha kwenye analogia kunaleta uzuri ambao kompyuta haiwezi kuupata. Nimelifanya sana, na ninalipenda, lakini sababu yangu ni mikono. Nikiwa na feda nane mbele yangu navuta mbili kwa wakati mmoja huku nimefumba macho, naamua kwa sikio bila kutazama skrini, na naamua haraka. Miksa nzuri inaongeza rangi yake kidogo, hasa transfoma zake zikisukumwa. Miksa dhaifu inaongeza kelele na kuchanganya chaneli za jirani. Anayetegemea waya ziokoe mchanganyiko mbovu atachoka.

Viwango vya nguvu ya sauti ndivyo vinavyoniumiza moyo zaidi nikiviona vimeachwa, kwa sababu kuvipanga ni kazi fupi na faida yake ni ya kila siku. Vifaa vya kitaalamu vinafanya kazi kwenye +4 dBu, sawa na volti 1.23. Vifaa vya nyumbani vinatumia −10 dBV, sawa na volti 0.316. Tofauti kati yake ni kama desibeli 12. Ukipeleka tokeo la kitaalamu kwenye ingizo la nyumbani, sauti inapasuka. Ukifanya kinyume chake, unalazimika kuongeza geini na kupandisha kelele pamoja nayo. Kadi nyingi zina swichi ya kuchagua, ama nyuma ya boksi, ama ndani ya programu yake, na watu wengi hawajawahi kuifungua.

Upande wa kompyuta, sifuri ni ukomo. Ndani ya sikwensa mita inaweza kuonyesha nyekundu na sauti isiharibike, kwa sababu hesabu za ndani zina nafasi kubwa sana. Lakini ikifika kwenye kibadilishi cha kadi, kinachozidi sifuri kinakatwa kichwa, na kushusha feda ya miksa hakurudishi kilichokatwa. Kwenye miksa ya analogia, sifuri ni mahali pa kazi tu, na juu yake kuna nafasi ya desibeli nyingi kabla ya kupasuka. Sifuri mbili zenye maana tofauti kabisa, zimekaa kwenye meza moja. Zinapatanishwa kwa makubaliano: Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, unaweka 0 dBu sawa na −18 ya dijitali (desibeli 18 chini ya ukomo), na SMPTE, jumuiya ya wahandisi wa filamu na televisheni ya Marekani, inaweka +4 dBu sawa na −20.

Mimi hufanya hivi. Kutoka kwenye sikwensa natoa toni ya hezi 1,000 kwa −18, naipeleka kwenye tundu moja la kadi lisilo la stirio. Inaingia kwenye tundu la laini la chaneli ya miksa. Ikwalaiza naizima, feda ya chaneli na feda kuu naziweka kwenye alama ya sifuri, pani, kitufe cha kupeleka sauti kushoto au kulia, naizungusha mpaka mwisho wa upande mmoja. Hapo nazungusha geini taratibu hadi mita ya miksa isome 0. Kisha tokeo kuu nalirudisha kwenye ingizo la kadi, na kuangalia sikwensa inasoma ngapi kwenye traki ambayo tokeo lake nimelizima. Ikisoma −18 tena, safari nzima haiongezi wala haipunguzi. Ikisoma pungufu, nafuatilia kila kituo mpaka nione inapodondoka. Napita chaneli moja moja hivyo hivyo, na nikimaliza naweka alama ya penseli kwenye kila geini. Pani naizungusha mpaka mwisho kwa sababu miksa nyingi hushusha sauti ya katikati kwa desibeli 3 au zaidi. Sikwensa nayo ina sheria yake ya katikati. Ukiiacha sauti ipite kwenye sheria zote mbili, itashuka mara mbili, kwa hiyo pani ifanyikie sehemu moja: ama kwenye sikwensa kwa jozi za stirio, ama kwenye miksa kwa chaneli moja moja.

Kompresa ya nje, ile mashine ya kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, au mashine ya mwangwi unayoipenda, unaweza kuitumia ukiwa ndani ya sikwensa kana kwamba ni plagini. Sauti inatoka kwenye tundu moja la kadi, inapita kwenye mashine, inarudi kwenye tundu jingine. Programu kubwa zina kifaa maalumu cha kazi hii, na nyingi zinapima zenyewe ucheleweshaji kwa kutuma mlio mfupi na kusubiri urudi. Usiiache hatua hiyo ya kupima. Kompresa iliyowekwa kwenye ngoma sambamba na ngoma zisizopitia kompresa itarudisha yale mashimo ya masafa ya pale chumbani, na utailaumu kompresa bure.

Muungurumo wa umeme nao una njia mbili ndani yake. Kompyuta imechomekwa kwenye soketi, miksa kwenye soketi nyingine, na waya wa sauti unaziunganisha athi zao (waya za ardhini) mara ya pili. Mkondo mdogo unazunguka humo na unasikika kama mvumo wa hezi 50, au 60 kwa nchi zenye umeme wa namna ya Marekani, pamoja na vizidisho vyake. Kompyuta ya mapajani hujifichua haraka: chomoa chaja, na kelele ikikata, umempata. Ipo pia kelele nyembamba inayobadilika ukisogeza mausi, na hiyo inapitia USB. Naanza kwa kuchomeka vyote kwenye soketi moja, kisha natumia waya za balansi (zinazozuia kelele njiani) kutoka mwanzo hadi mwisho, na ikibaki naweka boksi lenye transfoma kati ya kadi na miksa. Kuna watu wanaokata pini ya athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaisha kweli, na pamoja nao inaisha kinga ya mtu aliyeshika gitaa huku midomo yake ikigusa maiki ya chuma. Nikikuta plagi ya namna hiyo siendelei na kazi mpaka ibadilishwe.

Kwa miksa ya kidijitali iliyounganishwa kwa kebo ya mwanga ya ADAT, inayobeba chaneli 8 kwa kasi ya 48,000 na 4 tu ukipanda hadi 96,000, hakikisha saa ya kuhesabia sampuli ni moja. Kifaa kimoja kiongoze, vingine vyote vifuate. Viwili vikiongoza, utasikia vimlio vya "tik, tik" visivyofuata biti. Na mradi wa 44,100 ukichezwa na mashine iliyojifunga kwenye 48,000, wimbo unakimbia na kupanda karibu nusu-toni moja na nusu. Mwimbaji ndiye huligundua kwanza, kwa sababu ghafla hafikii noti zake.

Kinachobaki ni kuurudisha mchanganyiko kwenye kompyuta, na hapo miksa ya analogia inadai heshima yake. Haina kumbukumbu. Sikwensa inaweza kutoa wimbo wa dakika nne kwa sekunde chache, lakini wimbo uliopita kwenye miksa unarekodiwa kwa dakika zake zote nne, watu wote chumbani wakiwa wametulia. Natengeneza traki ya stirio, ingizo lake likiwa tokeo kuu la miksa na tokeo lake nikiwa nimelizima. Napiga picha ya kila safu ya vitufe kwa simu, kwa pembe ile ile kila mara, na kuandika majina ya chaneli kwenye utepe mweupe chini ya feda. Utepe huo naubandua mzima mwisho wa kazi na kuuhifadhi pamoja na faili za wimbo. Halafu, kabla mtu yeyote hajainuka, narekodi matoleo yote: wimbo kamili, wimbo bila mwimbaji mkuu, ala peke yake, sauti za watu peke yake pamoja na mwangwi wake, na toleo moja ambalo mwimbaji amepandishwa desibeli moja. Hilo la mwisho ndilo linaloombwa mara nyingi zaidi, na huombwa wakati vitufe vyote vimeshazungushwa kwa ajili ya wimbo mwingine.